Re: Asilimia 42 ya pointi tatu chuoni, inatosha?

Mkuu, umeuliza kama timu mpya ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, imchukue kijana wa chuo kwa sababu tu anafunga asilimia 42 ya mitupo ya pointi tatu, ile ya mbali. Kwanza angalia ametupa mara ngapi. Mitupo 100 ni michache mno. Bahati tupu inaweza kuipandisha 42 hiyo hadi karibu 52, au kuishusha hadi karibu 32. Mitupo huru husema ukweli zaidi: umbali uleule, hakuna wa kumzuia. Kama huko anafunga asilimia 65, mtilie shaka.

Halafu mstari wa pointi tatu. Chuoni wanaume hutupa kutoka mita 6.75. NBA ni 7.24 katikati na 6.70 kwenye kona. Fungua video uhesabu mitupo aliyoachia akiwa hatua nzima nyuma ya mstari wa chuo. Hiyo ndiyo inayohesabika. Na saa ya shambulizi, yaani muda ambao timu lazima iwe imetupa, inashuka kutoka sekunde 30 hadi 24, kwa hiyo mwenye mkono mzito atazibwa.

Takwimu za warefu zinadanganya zaidi. Chuoni beki anaruhusiwa kuganda chini ya kikapu. NBA beki asiyemkaba mtu haruhusiwi kukaa hapo zaidi ya sekunde 3, kwa hiyo bloku zake, yaani mitupo anayoizuia, zinapungua.

Timu mpya huchukua wachezaji kutoka timu kongwe, na hupata mabaki. Mwaka 2004 kila timu kongwe iliruhusiwa kulinda wachezaji 8 wasichukuliwe, na Charlotte Bobcats, timu mpya ya mwaka huo, hawakuweza kuchukua zaidi ya mmoja kwa timu. Kwenye drafti, ambako timu huchagua vijana wapya kwa zamu, walipanda kutoka nafasi ya 4 hadi ya 2, wakamchukua Emeka Okafor, jitu la ribaundi (kudaka mpira uliokosa kikapu), si mtupaji. Msimu huohuo akawa mchezaji mgeni bora.