Jibu: Kwa nini walio nyuma husikia ngoma mara mbili

Shekhe, umeuliza kwa nini bendi kubwa zikizuru viwanja mtu wa nyuma kabisa husikia safi, ilhali hapa Mombasa ukisimama nyuma kila pigo la ngoma linakuja mara mbili. Tatizo si udogo wa spika, ni muda.

Kwa joto letu la digrii 30, sauti husafiri kama mita 349 kwa sekunde. Umeme ndani ya waya hufika papo hapo. Mnara wa spika uliowekwa kwa ajili ya walio nyuma, mita 70 kutoka jukwaani, ukiachwa vivi hivi utalia milisekunde 200 (moja ya tano ya sekunde) kabla sauti ya jukwaani haijafika. Ndiyo hiyo "ta-ta" unayoisikia. Fundi apime umbali, agawe kwa 349, aucheleweshe mnara kwa hizo 200, kisha aongeze 10 hadi 15 ili sikio lidhani sauti yatoka kwa mwimbaji. Halafu mtu asiuguse! Ukisogezwa mita 7 tu kupisha jenereta, hesabu imepotea kwa milisekunde 20.

Kusi likivuma, sauti nyembamba huyumba hata ukipima sawasawa. Hapo minara isimame karibukaribu, kuongeza volyumu hakusaidii.