Maswali yenu kuhusu ligi za mafunzo za Go: masaa, bando, na kufungwa mechi nne mfululizo

Mwezi uliopita niligusia tu kwamba Jumanne usiku msinitafute maana nakuwa kwenye ligi ya mafunzo ya Go, basi maswali yamemiminika, na nimefurahi sana kwa kweli, sikujua tuko wengi hivi. Kwa ambaye hajawahi kuusikia: ni mchezo wa watu wawili ulioanzia China, una zaidi ya miaka 2,500, Wachina wanauita weiqi, Wakorea baduk, Wajapani igo. Ubao una mistari 19 kwa 19, makutano 361, mmoja ana kete nyeusi mwingine nyeupe, mnaweka moja moja kwenye makutano ya mistari na ikishawekwa haisogei tena. Kete ikizibwa pumzi (yaani makutano matupu yanayoigusa) pande zote inatolewa ubaoni, na mwisho wa yote mwenye eneo kubwa ndo mshindi. Haya twende.

Mi nacheza kwenye simu kila siku na watu nisiowajua. Hiyo ligi ina nini cha zaidi? (Msomaji, Dodoma)

Ina kitu kimoja kikubwa, kuna mtu atakayekuja kukuuliza kwa nini. Kwenye simu unacheza dakika kumi, umefungwa, unabofya mechi nyingine, umefungwa tena, unalala, kesho makosa ni yale yale. Ligi unapangwa kundi la watu wa kiwango chako, mnajua mapema nani anacheza na nani, mechi ni ndefu (sisi kila mtu ana dakika 45 kabla hajaanza kuhesabiwa sekunde), na mkimaliza mechi inapitiwa na mwalimu au mchezaji aliyewazidi. Msimu ukiisha waliofanya vizuri wanapanda kundi, waliofanya vibaya wanashuka. Wazo lenyewe ni la Japan na Korea, kule vijana wanaosomea kuwa wachezaji wa kulipwa wanapangwa madaraja hivyo hivyo, Wajapani wanawaita insei, Wakorea yunguseng. Ndo maana shule ya mtandaoni ya In-seong Hwang, Mkorea mwenye dani 8 za ridhaa (dani ndo viwango vya juu vya Go) anayefundisha watu wa Ulaya na Marekani, inaitwa Yunguseng Dojang. Hiyo ni ya kulipia. Zipo pia za bure zinazoendeshwa na wachezaji wenyewe, kama zile za Open Study Room.

Nikupe mfano ujue nazungumzia nini. Msimu wangu wa kwanza nilikuwa na kete mbili nyeusi pembeni kulia, mpinzani akazibana, nikaanza kuzikimbiza. Nikanyoosha, akanyoosha pembeni yangu, nikanyoosha tena, akanyoosha tena, mpaka nimetoka salama katikati ya ubao na roho imetulia kabisa, nilijua hapo nimecheza vizuri. Tulipokuja kuipitia mwalimu akasimamisha pale pale kabla sijaanza kukimbia, akaniuliza swali moja: hizi kete mbili zina kazi gani sasa hivi? Nikakaa kimya. Zilikuwa zimeshamaliza kazi yake, zilishatenganisha kete za mpinzani hatua tano nyuma, na zile zilizotenganishwa zilishatulia zenyewe. Yaani nimeokoa kete mbili zisizo na kazi tena, na kila hatua niliyokimbia mwenzangu alikuwa anajenga ukuta unaotazama upande mzima wa chini, na upande ule ndo ulionifunga. Nimecheza miaka mitatu kwenye simu sikuwahi kujiuliza swali lile hata siku moja. Sasa hivi najiuliza karibu kila mechi.

Nina miaka 41 na kiwango changu ni kyu 17. Si nitaaibika huko? Watanipokea kweli? (Msomaji, Nakuru)

Kaka, watakupokea, kundi la chini lipo kwa ajili yako. Kwa wasiojua, viwango vya Go vinaanzia karibu kyu 30 kwa anayeanza leo, vinashuka namba mpaka kyu 1, alafu ndo dani 1 inaanza na kupanda juu. Uzuri wa mchezo huu tofauti ya kiwango kimoja ni kama kete moja ya kuanzia, ukicheza na mtu aliyekuzidi viwango vinne anakuachia uweke nne kwanza na mechi inakuwa ya haki kabisa. Ila kwenye makundi ya ligi mara nyingi mnacheza sawa kwa sawa maana mnakaribiana, na mweupe anaongezewa pointi 6.5 au 7.5 kwa kuwa mweusi ndo anaanza, hizo pointi ndo komi.

Kuhusu umri, kweli Lee Sedol, yule bingwa wa Korea, alikuwa mchezaji wa kulipwa mwaka 1995 akiwa na miaka 12, na hayo mashindano ya kuwa mchezaji wa kulipwa sisi yametupita. Lakini hujaniuliza hilo, umeuliza kama utaaibika. Kwenye kundi letu kuna watu wana wajukuu. Ukicheza kwa utulivu, ukafika kwa wakati, ukashukuru mwisho wa mechi, hakuna anayekuhesabia umefungwa mara ngapi.

Tulipanga mechi na Mfaransa mmoja nikamwandikia 2:00, mimi nilimaanisha saa mbili usiku. Nikamsubiri, hakuja, kumbe yeye alishakuja mchana akanisubiri. Nimeandikiwa nimefungwa kwa kutofika. Nifanyeje? (Msomaji, Mombasa)

Pole sana dada yangu, na hili nalijibu kwa kirefu maana naona ndo linaloumiza watu wetu kuliko hata mchezo wenyewe.

Kwanza, saa zetu tunazitamka kwa kuhesabu kutoka alfajiri, hilo unalijua, ila ukiwa unaandika haraka kwenye meseji mkono unaandika kile kichwa kinachosema. Kwa hiyo jiwekee sheria moja tu, kwenye ligi usiandike kabisa saa ya kwetu wala ya kwake, andika UTC (saa ya pamoja ya dunia nzima) kwa masaa 24. Afrika Mashariki tuko masaa matatu mbele ya UTC mwaka mzima. Saa mbili usiku yetu ni 20:00, toa tatu, unaandika 17:00 UTC. Saa nne usiku ni 22:00, inakuwa 19:00 UTC. Fanya mara tatu nne utazoea kama unavyojua nauli ya daladala.

Pili, sisi saa zetu hazibadiliki, wenzetu zinabadilika. Ulaya wanasogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na wanarudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa hiyo mechi ya saa 20:00 ya Paris wakati wa baridi kwako ni saa nne usiku, ikifika mwisho wa Machi inakuwa saa tatu usiku, na hakuna atakayekuambia kwa sababu kwao haijabadilika chochote, bado ni 20:00. Marekani nao wana tarehe zao, Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba, ina maana kuna wiki kadhaa Marekani imeshahama na Ulaya bado. Mimi nimeshapoteza mechi hivyo, Jumanne ya kwanza ya Aprili nimekaa na chai yangu nasubiri saa nne ifike, nafungua seva nakuta mpinzani alishaondoka na saa yangu imeisha. Niliumia, maana nilikuwa nimejiandaa wiki nzima na pale pale nikakosa nafasi ya kupanda kundi.

Tatu, chagua ligi kwa masaa kabla hujachagua kwa sifa. Ya Ulaya inatufaa sana, jioni yao ni usiku wetu wa mapema. Ya Marekani, mtu wa New York akitoka kazini saa 18:00 kwako ni saa saba au saa nane usiku wa manane, na kesho una kazi. Korea na Japan wako masaa sita mbele yetu, jioni yao ya saa 20:00 ni saa nane mchana kwetu, labda Jumamosi.

Na huyo Mfaransa mwandikie, mweleze saa zetu zinavyohesabiwa, muombe mcheze mechi ya kirafiki. Wengi wanafurahi kujua kitu kama hicho.

Bando langu ni la wiki, na umeme huku unakatika. Naweza kweli? (Msomaji, Tabora)

Bando lisikutie hofu. Kila kete ni ujumbe mdogo tu unaokwenda kwenye seva, mechi nzima inakula kidogo mno, hata mtandao wa kusuasua unatosha. Kinachomaliza bando ni video za masomo, hizo zipakue ukipata wifi. Umeme: chezea kwenye simu au laptopu yenye chaji imejaa, simu ya pili iwe na data tayari, alafu mwambie mpinzani kabla ya mechi kwamba huku umeme unaweza kukatika. Soma pia sheria za ligi zinasemaje mtu akipotea hewani katikati ya mechi, maana saa yako inaweza kuendelea kuhesabu.

Mimi ni mchezaji wa bao tangu utoto. Mjukuu wangu ananivuta niingie kwenye hiyo Go yenu. Bao litanisaidia? (Msomaji, Zanzibar)

Shikamoo mzee wangu. Litakusaidia, na nakuomba uingie.

Bao lina mashimo 32 na kete 64, unaanza na kete 22 mkononi na kwenye namua (hatua ya kwanza) unaingiza moja moja, kila moja unaifikiria itafungua nini na itakuachia nini kwenye mtaji (hatua ya pili, za mkononi zikiisha). Mtu aliyezoea kuiona kete inazunguka kichwani mpaka inalala kabla hajaigusa, huyo ana kitu ambacho sisi tunakitafuta kwa mazoezi ya miezi. Kitakachokusumbua ni kwamba kwenye Go hakuna kinachozunguka. Ubao unaanza mtupu kabisa, kete isipoliwa inakaa ulipoiweka mpaka mwisho, na kula kete za mwenzako si lazima kuwe na faida, unaweza kuzila kete zake tano ukafungwa. Wachezaji wa bao ninaowajua walioingia Go wanapenda sana kula mwanzoni. Mwambie mjukuu aanze na wewe kwenye ubao mdogo wa 9 kwa 9, robo saa mnamaliza, na mcheze ana kwa ana kwanza, hayo ya ligi yatakuja.

Nimepakua programu ya akili mnemba. Kuna ubaya nikiitazama kidogo tu mechi ikiwa inaendelea? (Msomaji, Kampala)

Ubaya upo, usifanye, hata mara moja. Huo ni wizi, ligi zinafukuza kwa hilo, na mwenzako ametoa masaa mawili ya usiku wake akiamini anacheza na wewe.

Baada ya mechi ni jambo lingine. Tangu AlphaGo, programu ya akili mnemba, imfunge Lee Sedol 4-1 kule Seoul Machi 2016 mchezo umebadilika, hata wachezaji wa kulipwa sasa wanafungua pembe kwa namna ambayo zamani mwalimu angekukaripia, na programu nyingine, KataGo iliyotoka 2019, ni ya bure na ina nguvu kuliko binadamu yeyote. Ninachokuomba ni usiifungue mara tu mechi inapoisha. Chukua daftari, andika sehemu tatu unazodhani mechi iligeukia, kwa kila moja andika ulikuwa unafikiria nini. Ndo uifungue. Mara nyingi utakuta sehemu mbili umekosea kuzitambua, na hapo ndo somo lako lilipo, kwa sababu mashine itakuambia ile hatua ilipoteza pointi nane lakini haijui kwamba uliicheza kwa kuogopa. Mwalimu anajua, ukimwambia.

Nimefungwa mechi nne mfululizo. Nijitoe? (Msomaji, Lubumbashi)

Maliza msimu, ndugu yangu. Ukijitoa katikati unawavurugia ratiba wenzako wote wa kundi, wamebaki na mechi zisizo na mtu. Ukishuka kundi utacheza na watu wa saizi yako na utaanza kushinda tena. Na hizo nne zote omba zipitiwe, nina hakika mbili kati ya hizo umefungwa na kosa lile lile.

Nataka kuanza leo usiku. Nianzie wapi? (Msomaji, Iringa)

Fungua akaunti OGS (Online Go Server, tovuti ya kuchezea Go), ni bure, inafunguka kwenye kivinjari bila kupakua kitu. Cheza mechi kumi za 9 kwa 9 bila kujali matokeo, kiwango chako kitapanda na kushuka kama wazimu mwanzoni, kiache. Kila siku fanya maswali matano ya kuua na kuokoa kete, yanaitwa tsumego, yale rahisi kabisa. Ukifika karibu kyu 20 hamia ubao mkubwa, cheza taratibu, ndo uanze kutafuta ligi. Na kama kwenye zile kumi kuna moja umefungwa na huelewi kabisa kete zako zimekufaje, nitumie hiyo, tutaipitia hapa hatua kwa hatua wiki ijayo.