Barua kwa Mwanangu Aliye Kampala

Kisumu, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama zile elfu kumi na tano ninazokutumia kila mwezi zinaweza kukutosha chakula na nauli, na bado ukatembea Uganda kabla ya kumaliza masomo hapo Makerere, au ujifungie hosteli usome tu. Zinatosha. Hosteli imeshalipiwa muhula mzima, kwa hiyo hizo ni za tumbo na za njia. Na tembea, mwanangu, tafadhali. Pesa za mwanafunzi haziishii kwenye viingilio, zinaishia kwenye boda.

Angalia hesabu hii. Shilingi yetu imekuwa ikizunguka 27 au 28 za Uganda, kwa hiyo kila elfu moja yao ni kama shilingi 36 zetu. Ishike hiyo 36. Mwendesha boda akikwambia 5,000, hiyo ni 180. Kwenda na kurudi, siku tano za wiki, ni 1,800. Mwezi ukiisha umefika 7,200, karibu nusu ya posho yako, na hujala wala hujaona kitu. Kutoka hosteli yako ya Kikoni hadi darasani ni mwendo wa miguu. Boda iwe ya usiku au ya dharura, na bei mpatane kabla hujapanda. Mvua ikinyesha nauli zote hupanda, na mabonde kama Bwaise hujaa maji barabara zikafungika, kwa hiyo subiri inyamaze.

Kwa safari ndefu panda teksi. Kule teksi ndiyo matatu yetu, ile nyeupe yenye mraba mraba za buluu ubavuni. Gari la kukodi peke yako wanaliita speshio. Ukichanganya hayo mawili utajikuta unalipa mara kumi.

Pesa ninazokutumia kwa simu usizitoe kidogo kidogo. Wakala ana ada yake ya kila kiwango, halafu serikali inakata asilimia 0.5 ya unachotoa. Toa mara moja kwa wiki, nyingine ziache kwenye simu.

Chakula cha mchana kula kibandani. Sahani yao hupangwa matoke, wali, posho (ndiyo ugali), viazi vitamu na muhogo kwa pamoja, na bei inaamuliwa na mchuzi. Maharagwe ndiyo rahisi, kisha binyebwa, ule mchuzi wa njugu karanga. Samaki na nyama viko juu. Ukitamani omena, ulizia mukene. Jioni kuna rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, na pesa zikipungua kuna kikomando, chapati iliyokatwakatwa ikachanganywa na maharagwe. Hakikisha mayai yameiva mbele yako.

Jambo moja la adabu kabla ya matembezi. Usimwanze mzee wa Kiganda kwa Kiswahili. Wengi wa umri huo wanakihusisha na wanajeshi wa enzi za Idi Amin. Sema "oli otya" (habari yako) kwanza, ukimalizia "ssebo" kwa mwanamume au "nnyabo" kwa mwanamke, ukishukuru sema "webale". Mengine yatakuja yenyewe.

Sasa matembezi. Chukua Jumamosi moja kila wiki mbili, na uende upande mmoja tu kwa siku. Anza na Msikiti wa Taifa, Old Kampala, asubuhi kabla ya jua kali. Utapewa nguo ya kujifunika, kisha upande mnara wenye ngazi zaidi ya 300. Huko juu mwongozo atakuonyesha vilima vya mji, na ukishaviona hivyo hutapotea tena Kampala. Ukishuka, tembea hadi kanisa kuu la Namirembe, kisha Rubaga, umalizie Mengo. Kati ya ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, na Bulange, jengo la bunge lake, kuna barabara iliyonyooka, na kwenye mzunguko wake kuna njia ya katikati yenye lango ambalo hufunguliwa Kabaka peke yake. Wengine wote huzunguka. Hapo utaelewa ufalme ule kuliko kwa kusoma.

Makaburi ya Kasubi yape siku yake. Yanapitiwa Nakulabye, si mbali na chuo. Wamelala makabaka wanne, na UNESCO iliyaweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2001. Nyumba kuu iliungua Machi 2010 ikajengwa upya. Vaa sketi ndefu au beba leso, viatu unavua mlangoni, na mwanamke hukaa chini miguu akiikunja upande mmoja. Ukienda na suruali utasumbuka.

Jinja usiifungie safari yake, iko njiani unaporudi nyumbani muhula ukifungwa. Safiri na begi dogo: teksi ya Kampala hadi Jinja, ni kama kilomita 80, na Mukono hukwamisha sana, kwa hiyo ondoka alfajiri. Usitarajie maporomoko. Yale ya Ripon yalizama bwawa la Owen Falls lilipojengwa, likafunguliwa mwaka 1954. Utakachoona ni Ziwa Victoria likigeuka mto Nile, maji yaleyale ya Dunga hapa kwetu Kisumu yakianza safari ya kwenda Misri. Kesho yake panda gari la Busia, mpakani.

Busia ndipo watu huharibikiwa. Kituo ni kimoja siku hizi: ukiingia Kenya, maafisa wa nchi zote mbili wako upande wa Kenya, ukienda Uganda, wako upande wa Uganda. Watakuja vijana wa boda kukwambia wanajua njia fupi. Hizo ni njia za panya. Ukipita huko pasipoti haina muhuri, na siku ya kuhuisha pasi ya mwanafunzi utaulizwa uliingiaje nchini. Beba kadi ya homa ya manjano pia; chanjo yenyewe ni ya maisha, usikubali kuchomwa tena kwa sababu kadi imezeeka.

Niandikie tarehe ya mtihani wa mwisho ukiijua, nikutumie nauli ya Jinja mapema.

Mama yako