Muuguzi mpya kwenye makao ya wazee: uliza haya kabla ya kusaini mkataba

Ukisema unataka kuanzia uuguzi wako kwenye makao ya wazee, wengi watakwambia unaharibu elimu yako. Anzia wodini, watasema, la sivyo utasahau kila kitu. Nimefanya kazi pande zote mbili na hoja hiyo hainisumbui sana, kwani mkono uliosahau dripu hukumbuka upesi ukirudishwa kazini. Kinachonisumbua ni kitu kingine: zamu ya usiku utakuwa na nani wa kumuuliza?

Kwenye makao, usiku muuguzi mwenye leseni mara nyingi ni mmoja, na wenzake ni wasaidizi. Daktari ni wa simu, maabara haipo. Wewe ndiye utakayeamua kama bibi huyu apelekwe hospitali sasa au angoje kuche. Na wazee hawaugui kama vitabu vinavyosema. Nimonia inaweza kuja bila homa. Unachokiona kwanza ni mzee kukataa chakula, au kuanguka, au aliyezungumza vizuri jana leo anaongea ovyo. Mwenye haraka ataandika "dimenshia", yaani akili na kumbukumbu kudhoofika, na kupita. Dimenshia kwa kawaida hujijenga kwa miezi na miaka. Mtu akichanganyikiwa ghafla, tafuta chanzo: maambukizi, upungufu wa maji, choo kilichofunga, mkojo uliozuilika, dawa iliyoongezwa juzi. Huku utamwona mtu yuleyule siku nenda rudi, ndiyo maana utajifunza kugundua badiliko dogo. Msaidizi anayemwogesha analijua kabla yako. Akikwambia "leo simwelewi huyu", inuka ukamtazame.

Dawa zitakula sehemu kubwa ya zamu. Mzee mmoja kutumia aina tano au zaidi ni jambo la kawaida, na wasioweza kumeza utaombwa uwapondee vidonge. Vile vinavyotoa dawa polepole usiviponde kamwe, maana dozi ya saa 12 au 24 itaingia mwilini kwa mkupuo. Mpigie mfamasia. Ngozi nayo ikague: wekundu kisiginoni usiofifia ukiubonyeza ni kidonda cha mgandamizo kinachoanza, na kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huenda usiuone kabisa, basi papasa, usikie joto au ugumu.

Kwenye usaili uliza na wewe. Usiku muuguzi mmoja anabeba wakazi wangapi? Nitafuatana na mwenzangu hadi lini kabla ya kukabidhiwa funguo za kabati la dawa? Nikipiga simu saa nane usiku, nani anapokea? Wauguzi wa mwaka jana wangapi bado wapo? Ukijibiwa "utazoea tu", shukuru uondoke. Omba pia kutembezwa wakati wa chakula. Tazama kama anayelishwa analishwa na mtu aliyeketi, asiye na pupa, na kengele za vyumbani zinalia muda gani kabla mtu hajaitika.

Vifo vipo, tena vya watu uliowazoea. Kama furaha yako ya kazi ni kumwona mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani, huku utanyong'onyea, na si aibu kulikubali hilo mapema.

Ukiingia, andika kumbukumbu zako bila majina ya wakazi: vidonda ulivyouguza, katheta (mipira ya mkojo) ulizoweka, na kila uamuzi wa kumpeleka mtu hospitali pamoja na sababu yake. Siku ukiomba kazi wodini, hayo ndiyo utakayoyaeleza mezani.