Waache Wafaidi Kiangazi Chao

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Umeniuliza kama uje na watoto Mombasa Juni hii, shule zikifungwa huko Stockholm, wapate kuonja ule utoto wa kiangazi ninaowasimulia kila tukizungumza. Hamu ya kuwaona ninayo, tena kubwa. Lakini Juni si wakati wake.

Juni hapa ni kusi, upepo wa kusini. Bahari imechafuka, wenye ngalawa hawaendi mbali, na embe ni haba. Msimu tuliokuwa tukiungoja sisi ni kaskazi, upepo wa kaskazini, Disemba mpaka Machi. Jua la hapa halina kuadimika, mchana wa Juni na wa Disemba karibu ni sawa. Tulichongoja ni upepo ugeuke.

Ukigeuka, shule zimefungwa na miembe imejaa. Tulianza na embe mbichi kwa chumvi na pilipili, mpaka meno yanakufa ganzi. Ngowe zikiiva, chakula cha mchana nyumbani hatukionji. Tiara za kurusha tuliunda wenyewe: chelewa za mnazi, karatasi ya gazeti, na gundi ni punje za wali wa jana, unazisaga kwa kidole gumba mpaka zinanata. Mkia tulichana leso kuukuu ya nyanya yako. Ukiwa mwepesi, tiara inazunguka na kuanguka kichwa chini. Ukiwa mzito, hainyanyuki.

Ila kilichonitoa kitandani alfajiri ni majahazi. Yalikuja na kaskazi kutoka Uarabuni na Uajemi, yakatia nanga Bandari ya Kale, karibu na Fort Jesus. Wazee walilalamika kwamba yamepungua. Mimi niliyaona mengi. Tende za makanda, chumvi, papa mkavu: harufu unaipata kabla hujaona mlingoti. Mabaharia tuliishi nao hadi kusi irudi, kama Aprili, iwapeleke kwao. Nikizoeana nao, nikijua wataondoka, na bado mwaka mzima nikiwangoja.

Na wajukuu zangu wana cha kungoja. Uliniambia mwenyewe kwamba Juni huko jua halizami mpaka saa nne usiku, watoto wote wako nje, wanaoga ziwani, wanachuma stroberi. Msimu huo wameutamani tangu Disemba, jua linapozama kabla ya saa tisa alasiri. Ukiwatoa huko wakati huo ili waje kuishi utoto wangu, utakuwa umewanyima wao. Nataka nao wawe na lao la kusimulia.

Njooni Disemba. Huko giza, hapa kaskazi inavuma na embe tele, na huyo mdogo anayependa kukata karatasi nitamfundisha kuunda tiara. Najua nauli ya mwezi huo hupanda, basi kata tiketi mapema. Za watoto nitalipa mimi, na usibishane nami.

Babako