Fuwele pacha zilinila wiki sita, soma hii kabla hujachagua simetria

Kama we ndo umeingia kwenye fuwele za protini mwaka huu, kuna kitu ntakwambia mapema maana mimi hakuna aliyeniambia: data zikikaa vizuri kwenye simetria ya juu (simetria ni namna molekyuli zinavyojirudia ndani ya fuwele) usishangilie, cheki kwanza ukali wa madoa, zile alama ambazo miale ya X inaacha ikipita kwenye fuwele, umetawanyikaje.

Ilivyokuwa kwangu, niko geto Sinza, data zimetoka kwenye sinkrotroni, mashine kubwa ya miale ya X, ya nje (huku kwetu hatuna, fuwele tunazisafirisha kwenye naitrojeni afu tunasubiri mafaili), nikadaunilodi usiku wa manane kwa bando la usiku, asubuhi nikaziprosesi. Programu ikapendekeza P622, jina la simetria ya juu kabisa kwa gridi ya pembe sita. Madoa yanayotakiwa kufanana yanafanana, rezolusheni (undani wa picha) angstrom 2.1, mi huyo kifua mbele. Kuja kupiga hesabu ya maji ndani ya fuwele napata asilimia 8. Sasa fuwele nyingi za protini maji yake yako kati ya asilimia 27 na 65, Matthews alishaonyesha hilo tangu 1968, kwa hiyo asilimia 8 ni sawa na kusema abiria wa daladala mbili wamekaa kwenye moja na milango imefungwa. Badala ya kushtuka nikajitungia hadithi, labda protini imekatika na kilichotoa fuwele ni kipande tu. Nikaosha fuwele, nikayeyusha, nikapiga jeli kupima ukubwa wa protini, bendi ikatoka nzima kabisa. Bado sikuelewa! Wiki sita nahangaika kutafuta fezi (taarifa ambayo madoa hayaionyeshi, na bila hiyo huioni molekyuli) kwa modeli ya protini ndugu, kila jibu molekyuli zinapandana.

Upacha wenyewe ni hivi. Chukua doti ya kanga, kata, lalisha kipande kimoja juu ya kingine lakini cha juu kigeuze kichwa chini. Pindo zinakutana sawasawa, kona kwa kona, ila jina la chini linasomeka na la juu limepinduka. Fuwele pacha ndo hivyo, gridi za vipande viwili zinalaliana kabisa kwa hiyo kila doa unaloliona ni madoa mawili yamejumlishwa, na kwenye picha ya difraksheni huoni chochote, wala usikodoe macho. Vipande vikikaribia nusu kwa nusu, mchanganyiko unaigiza simetria ambayo haipo. Fuwele zangu zilikuwa P6, simetria ya daraja la chini, pacha wake akazipandisha hadi P622. (Kuna aina nyingine ambayo gridi hazilaliani, madoa yanapasuka mawili mawili, hiyo utaiona mwenyewe.)

Kinachomuumbua pacha ni takwimu. Kwenye fuwele safi kuna madoa makali sana na hafifu sana, ukijumlisha mawili mawili yale ya pembeni yanapungua, yote yanasogea katikati. Ndo maana wastani wa mraba wa ukali ukigawa kwa mraba wa wastani unakuwa 2.0 kwa fuwele safi na 1.5 kwa pacha wa nusu kwa nusu. Halafu kuna testi ya L ya Padilla na Yeates ya 2003, inalinganisha ukali wa madoa jirani, mi naiamini zaidi: 0.5 ni safi, 0.375 ni pacha kamili. Yangu ilikuwa 0.38. Ila data hafifu za rezolusheni ya mwisho zikate kwanza, kelele inavuruga hizi namba.

Mtego ulioninasa huu hapa. Xtriage, programu ya kukagua data, niliiendesha wiki ya kwanza kabisa! Ikasema hakuna sheria ya upacha (mgeuzo unaolalisha kipande kimoja juu ya kingine) inayowezekana, nikasoma "hakuna pacha", nikafunga. Kumbe kwenye P622 lazima iseme hivyo maana simetria ya gridi imeshatumika yote, we unatakiwa uangalie namba za L ziko wapi. Zikiwa za chini na sheria hakuna, shuka daraja, prosesi upya kwenye P6, P3 na ndugu zao. Niliposhuka P6 maji yakawa asilimia 54, modeli ikaingia siku hiyohiyo.

Kwenye kurifaini, yaani kunyoosha modeli ifanane na data, unaipa programu sheria ya upacha, yangu ilikuwa k, h, -l (h, k, l ni namba za anwani ya kila doa). Madoa ya Rfree, yale unayoyaficha ili kuipima modeli, yachague kwa simetria ya juu ili pacha wote wawili wakae kundi moja, la sivyo Rfree inachungulia majibu. Na R (tofauti kati ya modeli na data) ikishuka ghafla ukiwasha upacha usipige simu nyumbani, sehemu ya huo mshuko ni hesabu tu, fungua ramani ya elektroni uone kama minyororo ya pembeni ya amino asidi inaonekana vizuri kuliko jana.

Na usidhani walio P21, simetria nyingine ya chini, wamepona, pembe beta ya gridi ikiwa 90.1 au pande zake a na c zikilingana, testi ya L kabla ya chai.