Nguo za nyumba salama tupeleke wapi?

Swali: Shangazi, kikoba chetu cha Chang'ombe, Dodoma, kimekusanya viroba viwili vya nguo kwa ajili ya nyumba salama ya wanawake waliokimbia vipigo. Tukipeleka, tupige na picha?

Jibu: Picha hapana, mwanangu. Mume akiutambua ukuta tu, yuko getini. Pitieni Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi, au ustawi wa jamii, wawafikishie. Nguo huwa zinajaa (na sidiria zilizokatika, jamani!). Mwaka jana nilimpokea mama kutoka Kondoa: kanga moja, kandambili ya mguu mmoja, mtoto mgongoni. Aliomba pedi na nauli ya mahakamani. Viroba hivyo uzeni soko la Majengo, mpeleke pesa. Na atakayewaambia mume ana haki ya kumpiga mkewe, mtajieni kifungu cha 66, Sheria ya Ndoa ya 1971.